Viti vya Wifi

Kabla hujamhukumu Mama Kokoto kwa kosa alilolifanya siku ya wageni, ingia kwanza ndani kwake utazame pa kukaa. Hapakuwa na pa kukaa. Kulikuwa na kigoda chenye mguu uliolegea, ambacho ukikikalia vibaya kinakumwaga, na ndoo iliyofunikwa mdomo chini, na mkeka ulioliwa pembeni. Kitanda kilikuwepo, lakini kitanda cha mjane si pa kumkalisha mgeni. Chumba chenyewe kimoja, kimegawanywa kwa shuka kuukuu. Upande huu analala yeye na binti yake, upande ule wanapika mvua ikinyesha. Kuta za udongo, paa la nyasi, mlango wa mbao za maboksi. Sasa mtu wa hivyo, ukisikia kanyimwa pesa za maskini kwa sababu eti ana uwezo, si utacheka? Watu walicheka sana. Mwenyewe hakucheka.

Jina lilitokana na kazi. Kando ya barabara ya vumbi inayoshuka kutoka machimboni alikuwa na lundo lake la mawe na lundo lake la kokoto, na katikati ya malundo hayo ndipo alipokaa kutwa, chini, miguu kainyoosha mbele. Wanaume huvunja miamba kule juu, wanawake huku chini huyapasua mawe kwa nyundo mpaka yawe madogo ya kuchanganyia zege. Lori likija, dereva hateremki. Anachungulia dirishani, anataja bei, na bei yake ndiyo bei. Vidole Mama Kokoto alivifunga kwa vipande vya tubu za baiskeli alivyopewa na kaka yake, fundi baiskeli. Jiwe alilizungushia pete ya mpira wa tairi, ili vipande visimrukie usoni. Siku moja pete ilikatika, naye akaona amalizie jiwe hilo moja tu ndipo akatafute nyingine. Jiwe hilo moja tu lilimtoa jicho la kushoto.

Tangu hapo akajiwekea sheria: nyundo ikishuka, fumba macho. Wenzake walimtania kwamba Mama Kokoto anapasua mawe huku amelala, naye akawajibu kwamba heri kulala na jicho kuliko kukesha bila jicho. Alikuwa na mdomo, mama yule. Umaskini ulimnyang'anya vingi lakini ulimi ulimwachia, tena ukiwa umenolewa.

Wa kumlea alikuwa mmoja, binti, yuko darasa la mwisho la shule ya msingi, na kuhusu binti huyo kulikuwa na kiapo. "Wewe hutashika nyundo," alimwambia. "Imekula jicho langu, haitakula lako." Hakuwa akitania. Mtoto akimletea maji pale barabarani, anasimama upande wa pili, anaweka kikombe, anarudi. Jioni nyundo inaingizwa chini ya kitanda, mbali kabisa ukutani, kama vile ni pombe inayofichwa mlevi.

Halafu mwaka ule jicho la kulia nalo likaanza kuingia ukungu. Kwanza alidhani vumbi. Akanawa, akanawa, akaambiwa ni uchovu, akapumzika siku mbili na njaa ikamrudisha kazini. Mwishowe wifi yake, mke wa kaka, alimshika mkono wakaenda hospitali ya wilaya, na daktari akammulika, akasema ni mtoto wa jicho. Ukungu huo unatolewa, akasema, si kazi kubwa, ila hautolewi hapa. Ni hospitali kubwa ya mjini, na kule hawapokei mtu mikono mitupu. Mama Kokoto akauliza usipotolewa itakuwaje. Daktari akamwambia ataendelea kuona kidogo, halafu kidogo zaidi.

Njiani kurudi alipiga hesabu. Hesabu yake haikuhitaji karatasi. Jicho likizima, mawe hayatapasuka yenyewe, na nyumbani kuna mikono mingine miwili tu. Alikuwa akiogopa giza, ndiyo, nani asiyeogopa? Lakini alichoogopa zaidi ni nyundo kutoka chini ya kile kitanda ikashikwa na mwingine.

Wifi na wifi kupatana ni jambo la kutiliwa shaka, watu husema, lakini hawa walipatana. Siku kipande cha jiwe kilipoingia jichoni, wifi ndiye aliyeliosha kwa maji ya chumvi, akampakia kwenye baiskeli, akaisukuma hadi zahanati. Waliazimana chumvi, moto, sindano, hata hasira. Mmoja akigombana na jirani, wote wawili hawamsalimu jirani huyo. Nyumba ya kaka haikuwa ya tajiri, usije ukadhani. Nayo ilikuwa ya nyasi, nayo ilivuja. Tofauti ni kwamba fundi baiskeli mikono yake haikai bure, na miaka ya nyuma, biashara ilipokuwa nzuri, alimnunulia mkewe viti vinne vya mbao vyenye mikono na matakia mekundu. Wifi alivifumia vitambaa vyeupe kwa mkono wake. Jumapili anavitoa nje anavipangusa, na asiyejua angedhani anaogesha watoto.

Basi. Habari ilipofika kwamba kuna mradi unagawa pesa, kijiji kilicheka. Miaka yote walikuwa wakiletewa mbegu zisizoota, na semina za kufundishwa kunawa mikono, kana kwamba hadi siku hiyo walikuwa wakila kwa miguu. Mara hii wakaambiwa ni pesa taslimu: zinaingia kwenye simu yako, kwa awamu, unanunua unachotaka, hakuna wa kukuuliza. Wengine wakasema pesa za bure zina mwenyewe na siku moja atakuja kuzidai. Wengine wakaanza kuota mabati. Mama Kokoto hakuota mabati. Aliota jicho.

Kosa la kwanza, kama tunatafuta makosa, si lake. Watu wa mradi walificha wanachokitafuta. Walifanya kusudi, ili watu wasidanganye, na huenda walikuwa na sababu zao, maana wameona mengi. Walimwambia tu mzee wa kijiji kwamba watapita nyumba kwa nyumba kuona nani anastahili. Na mzee wa kijiji, mtu mwenye heshima zake, akasimama mbele ya watu akatangaza kwamba wageni wanakuja, kila mtu awepo kwake, na awapokee vizuri.

Awapokee vizuri! Mwambie hivyo mtu aliyelelewa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa tangu tunanyonya. Mgeni hasimamishwi. Mgeni haonyeshwi sufuria tupu, hasimuliwi maradhi kabla hajanywa maji. Na huyu hakuwa mgeni wa kupita, alikuwa mgeni aliyebeba jicho mfukoni. Kumkalisha mtu kama huyo kwenye ndoo, Mama Kokoto aliona, ni kumwambia mapema kwamba hapa hakuna mtu wa maana, pita.

Akaenda kwa wifi. Hakuzunguka, akasema anataka viti.

"Chukua vyote, wifi yangu," alisema wifi. "Aibu yako ni aibu yangu."

Na si viti tu. Ukarimu ukishaanza haujui pa kusimama. Wifi alitoa na kimeza chake, vikombe vya maua, redio, godoro la sponji walilokuwa wakililalia yeye na mumewe, shuka safi la kutandika juu yake, na gauni lake la harusini la kumvalisha mwenzake. Fundi baiskeli alinung'unika kidogo kuhusu godoro, akatazamwa na wanawake wawili kwa pamoja, akafunga mkokoteni nyuma ya baiskeli. Alikwenda na kurudi mpaka nyumba yake ikabaki inatoa mwangwi. Wifi akasimama katikati ya chumba kitupu, mikono kiunoni, akacheka, akasema kwamba wakifika kwake atawakalisha kwenye kinu.

Asubuhi ya wageni chumba cha Mama Kokoto usingekijua. Shuka la kugawia liliondolewa, sufuria nyeusi zikasukumwa nyuma ya nyumba, viti vikapangwa viwili viwili na kimeza katikati. Alipokuwa akivipanga, msumari uliochomoza chini ya mkono wa kiti kimoja ulimchoma kidole gumba. Akanyonya damu, akavuta kile kitambaa cheupe akaufunika, mgeni asije akachanika. Binti alimfunga kilemba, akakishusha kidogo upande wa kushoto, ili jicho bovu lisimtishe mtu.

Wakaja kijana wa kiume na dada mmoja, wana adabu, wana jasho, wamebeba simu kubwa kubwa kama vitabu. Wakakaribishwa. Kijana alipokaa, takia lilimpokea vizuri akashusha pumzi, akasema tangu asubuhi hajapata kiti cha kupumzisha mgongo namna hii. Mama Kokoto moyo ukamjaa. Chai ikamiminwa kwenye vikombe vya maua, na sukari aliyoilinda kwa ajili ya kitu kingine ikaisha yote. Redio ilikuwa ikiimba kwa sauti ya chini kwenye kona.

Dada ndiye aliyeuliza maswali. Anafanya kazi gani? Na huyu mama, ambaye kila siku anasema kwamba yeye ni punda wa barabarani, akajinyoosha akasema anafanya biashara ya kokoto. Ana mteja wa kudumu? Ndiyo, malori yanakuja. Kitanda kikatazamwa, godoro likabonyezwa. Afya je? Yeye na mtoto wanaendeleaje?

"Tunamshukuru Mungu," akasema. "Hatujambo."

Nani asiyesema hivyo? Uko kwenye machela unapelekwa kuzikwa, ukisalimiwa unajibu sijambo. Alidhani watauliza tena, kama watu wanavyouliza, mara ya pili na ya tatu, ndipo mtu anasema lakini mwili huu, lakini jicho hili. Maelezo yote alikuwa nayo tayari, ameyapanga, anasubiri zamu yake. Wale hawakuuliza mara ya pili. Dada aligusa simu yake kwa kidole, akapita kwenye swali lingine.

"Na viti hivi, mama, ni vyenu?" akauliza kijana.

Hapo ndipo. Ukimlaumu, mlaumu hapo. Alimtazama kijana wa watu aliyekaa starehe, kikombe mkononi, na akaona haya kwa niaba yake. "Ni vya hapa hapa nyumbani, mwanangu," akajibu. "Kaa, jisikie uko kwenu."

Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wahenga, na Mama Kokoto methali hiyo alikuwa akiitumia kwa wengine kila wiki. Wageni walishukuru sana, wakamsifia chai, wakaaga. Aliwasindikiza hadi njia panda akawaonyesha nyumba inayofuata, ile pale, ya wifi yangu, watu wazuri sana. Akarudi ndani, akakaa kwenye kiti kilichokuwa bado na joto la kijana, akamwambia binti yake kwamba jicho limepatikana.

Pesa za kwanza ziliingia kijijini siku ya gulio. Simu zililia huku na huku, na watu wazima walikimbia kama watoto. Wifi alikuja mbio hadi barabarani kwenye kokoto, simu kaishika kwa mikono miwili utadhani ni yai, akalia machozi, akasema tumepata, wifi, tumepata. Na aliyepiga vigelegele wa kwanza, akaiacha nyundo akainuka akamkumbatia, alikuwa Mama Kokoto. Alijua yake iko njiani. Kama hawa wenye viti wamepata, yeye atakosaje? Simu yake, betri imebanwa na mpira, aliiweka kwenye lundo la kokoto mbele yake aione ikiwaka. Haikuwaka siku hiyo. Wiki ikapita haikuwaka, na yeye akaanza kuwauliza watu kama mtandao ni mzima.

Alipochoka kuuliza akaenda shuleni, kwenye darasa ambamo watu wa mradi walikuwa wakipokelea malalamiko. Yule dada wa siku ile alikuwepo, na alimkumbuka, tena kwa furaha. Akamwambia kwamba chai ile hajaisahau. Akatafuta kwenye simu yake. Akaeleza taratibu, kwa upole, kwamba kaya ya mama imeonekana ina uwezo wa wastani: samani, redio, godoro, biashara inayoendelea, hakuna mgonjwa. Pesa zina kikomo, wanaanza na wasio na kitu kabisa.

Mama Kokoto akakifungua kilemba akamwonyesha jicho la kushoto. Akamwambia viti vile aliazima.

"Ungetuambia, mama," dada alisema. Alionekana ameumia kweli.

"Mgeni anaambiwa kiti alichokalia kimeazimwa?"

Dada akainamia simu yake. Akasema ataandika, watu wa juu wataangalia, lakini wengi sasa wanakuja kusema waliazima. Na hilo nalo lilikuwa kweli. Aliyekuwa na pikipiki ameazima, aliyekuwa na bati ameazima, hata mwenye duka alikuja akasema duka ameazima. Mkweli akasimama kwenye foleni moja na waongo, na foleni ikafungwa.

Kutoka pale hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa wifi. Alitaka kujua kitu kimoja tu: wageni walipofika kwake, walikuta nini, na yeye alisema nini. Wifi alikuwa akichambua mboga. Akaacha kuchambua. Alianza kueleza mbali, kuhusu jua la siku ile, kuhusu kijana kukaa kwenye kinu akakaribia kuanguka, na Mama Kokoto akamwacha azunguke mpaka njia zikamwishia.

"Waliniuliza kama tuna viti, nikasema hakuna," alisema wifi mwishowe. "Wakauliza tunalala wapi, nikawaonyesha mkeka. Sikusema uongo, wifi. Havikuwepo."

Havikuwepo. Kweli havikuwepo, vilikuwa vimekaliwa kwa mwenzake. Mama Kokoto aliketi pale akitafuta mahali pa kushika ili agombane, asipate. Angemwita mwongo? Hakuwa mwongo. Mwizi? Ameiba nini? Kama angekuwa jirani wa kawaida angemwachia matusi ya kumtosha mwaka mzima, lakini huyu ndiye aliyeliosha jicho lake kwa maji ya chumvi. Wifi naye akalia, akamshika magoti, akaapa. Jicho lako ndilo la kwanza, akasema. Kabla ya kitu chochote, jicho.

Na alipoapa alikuwa anamaanisha. Mtu huyo usimfanye shetani. Ila pesa ikishaingia ndani ya nyumba inaanza kusikia vilio vya nyumba hiyo, na vilio vya karibu husikika kuliko vya mbali. Mvua zilikuwa zinakaribia na paa la kaka lilikuwa limeoza. Watoto wanalala wakilowa, dada, kaka alisema, nifanyeje? Mama Kokoto, ambaye paa lake mwenyewe lilikuwa linauona mwezi, akasema kwamba ni kweli, watoto wasilowe. Mabati yakapanda, yakang'aa kiasi kwamba hata yeye aliyaona. Jicho likasogezwa awamu ya pili.

Awamu ya pili kaka alikuja mwenyewe barabarani, akachuchumaa karibu na lundo, akaokota kokoto moja akawa anaichezea.

"Dada, pesa ikikaa inaliwa," akasema. "Nikiigeuza pikipiki itazaa kila siku. Ikishazaa, tunatibu jicho bila hata kuhisi."

"Na jicho litasubiri pikipiki izae?"

"Miezi michache tu, dada."

Akamtazama ndugu yake kwa kile kipande cha kuona kilichobaki, akaona umbo tu, si uso. Akamwambia afanye anavyoona. Alikuwa amepiga magoti mara moja maishani, siku ya kuomba jeneza la mumewe, na aliapa kwamba mara ya pili haitakuwepo. Labda angepiga magoti. Labda ndugu mwenyewe ndivyo alivyotaka, aombwe sana ndipo ajisikie mkubwa. Nani ajuaye? Pikipiki ikanunuliwa, nyekundu.

Tuseme na haki yake, maana chuki haijengi hoja. Pesa zile zilifanya kazi. Kule kwa kaka watoto walinenepa, wakubwa wawili wakalipiwa shule, wifi akafuga kuku wa mayai akaanza kuuza, na fundi baiskeli aliyekuwa akirudi mikono myeusi na mfuko mweupe sasa alirudi na kitu kila siku. Waliacha kugombana. Wifi alipata hata sauti mpya, ya mtu anayelala usingizi wote. Walikuwa wakimletea Mama Kokoto vitu: unga, sabuni, mayai yenye nyufa. Kila kitu kilikuja isipokuwa kile kimoja, na kila kilipokuja alilazimika kushukuru. Kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa kuna namna nyingi, na nyingine zinalisha kabisa, unashiba huku unaumia.

Ukungu ulizidi kama daktari alivyosema, kidogo, halafu kidogo zaidi. Akawa anapiga kidole badala ya jiwe. Akawa anazipima kokoto kwa kiganja, na dereva wa lori akakataa lundo zima, akasema limechanganyika, makubwa na madogo, yeye hanunui fumbo. Wenzake walimchagulia kokoto zake siku mbili tatu, lakini nao wana malundo yao na watoto wao. Binti akaanza kusema kwa sauti ndogo kwamba anaweza kusaidia asubuhi kabla ya shule. Akanyamazishwa. Akasema jioni tu basi. Mama yake akamwambia kwamba siku atakayomsikia anagusa nyundo, yeye mama atakwenda kulala barabarani malori yampitie juu. Wakalala bila kula siku hiyo, na iliyofuata wakanywa uji, na shuleni wakataka mchango wa mtihani.

Halafu ikaja siku ya picha. Watu wa mradi walirudi kuona maisha yalivyobadilika, wakaenda kwa nani kama si kwa wifi. Mama Kokoto alikuwa kakaa mlangoni kwake, kwenye mkeka, akisikia kwa mbali vicheko na mlango wa gari ukifungwa. Aliambiwa baadaye na majirani kwamba wifi alipigwa picha amekaa kwenye kochi jipya kubwa, miguu imepandana, mabati nyuma yake, na akaulizwa kilichobadilika zaidi ni nini. Wifi alilia, wakasema majirani, akashindwa kujibu, na wageni waliguswa sana na machozi yale.

Alasiri pikipiki ikaja. Aliijua kwa sauti yake. Kaka alikuwa amefunga mzigo mrefu nyuma, akaufungua, na Mama Kokoto akasikia mbao zikigusa ardhi, moja, nyingine.

"Wifi yako kasema ukae navyo, dada," alisema kaka. "Si kuazima tena. Ni vyako moja kwa moja. Viwili hivi, na kesho navileta vingine viwili."

"Na jicho?" 

Swali lilimtoka lenyewe. Kaka alizichezea funguo. Akasema awamu zimekwisha, hiyo ya mwisho ndiyo imeingia kwenye makochi na kuku, lakini pikipiki ikishatengemaa, dada, pikipiki ikishatengemaa. Simu yake ikaita, kulikuwa na abiria. Mama Kokoto akamwambia amfikishie wifi shukrani, nyingi, na kaka akasema zitafika, akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Binti alirudi kutoka shuleni akavikuta. Aliviingiza ndani, akakikalia kimoja, akainuka, akakikalia tena, mtoto ni mtoto, akasema matakia bado mazuri. Mama yake akasogea kwa kupapasa mpaka kiti cha pili. Akashika mgongo wake, akashuka kwenye mkono, akapeleka vidole chini yake, na msumari ulikuwepo pale pale. Hakuna aliyeugongea. Kitambaa cheupe ndicho hakikuwepo. Wifi amekihamishia kwenye makochi.

Akasimama hapo muda mrefu, kidole juu ya msumari. Binti akamuuliza kama anaumwa. Hakujibu hatujambo.

"Hiki kipeleke barabarani," akasema. "Kwenye mawe."

Binti akauliza nani atakikalia huko, na mama siku hizi hatoki.

"Wewe. Ukikaa chini kutwa mgongo utakuharibika."

 Mtoto alikuwa bado amevaa sare ya shule. Akakiinua kiti, na mama akamsikia akihangaika nacho mlangoni, miguu ikigonga ubao huku na huku kwa kuwa mlango ni mwembamba. Mama Kokoto akapiga magoti, mara ya pili maishani, akanyoosha mkono chini ya kitanda mpaka ukutani. Akaitoa nyundo. Akatoka nayo kwa kupapasa, akautafuta mkono wa binti yake, akaufungua vidole, akamwekea mpini.

"Nyundo ikishuka," akamwambia, "fumba macho."